Biblia Habari Njema yenye Deuterokanoni, baada ya kuitumia mtaani kwetu

Aisee hii sikuinunua kwa kukosa Biblia, ninayo Union, ile tafsiri ya zamani ya 1952, tangu ubatizo. Shida ni kikundi chetu cha Alhamisi jioni hapa Chang'ombe, Dodoma, kuna Waanglikana, Wakatoliki, Walutheri wa KKKT na walokole wawili, kusalimiana tu ni shughuli, huyu Tumsifu Yesu Kristo yule Bwana asifiwe, afu kila mtu na Biblia yake. Siku tumesoma 1 Wakorintho 1:10 kwenye Union, "mnene nyote mamoja", dogo mmoja wa fomu tuu akauliza kwani Paulo alitaka watu wanenepe? Tulicheka mpaka mama mwenye nyumba akamwaga chai.

Habari Njema Kiswahili chake ni cha sasa, dogo hana swali tena. Halafu waliitafsiri Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, na hili toleo lina Deuterokanoni humohumo, yaani vile vitabu kina Tobiti na Wamakabayo ambavyo Biblia nyingi za Kiprotestanti hazina. Faida yake niliiona kwenye msiba wa jirani, ubishi ukazuka wa kuombea marehemu, mlokole wetu anasema haimo kwenye Biblia, mzee wa Kikatoliki kafungua 2 Wamakabayo 12, pale wafu wanapoombewa, haya soma mwanangu. Kasoma. Hakukubali hata kidogo, kasema kwake hicho kitabu sio msingi wa imani, ila ile kuambiana unaficha maandiko ikaisha, na mchango wa bati la mjane ukapita bila makelele. Mi nadhani tunakosea kusubiri mafundisho yalingane ndo tushike jembe pamoja, ingawa sisemi mafundisho sio kitu, ubatizo bado hatujaugusa tunaogopa kuvunja kikundi.

Ubaya sasa. Maandishi madogo, mama mkubwa wangu anasoma kwa tochi ya simu na miwani juu. Na duka nililonunua pale mjini, silitaji, walinipa isiyo na Deuterokanoni, nami nikaona jalada nikaridhika, nimefika nyumbani kutafuta Tobiti hakuna, ikabidi nirudi na bodaboda juani na vumbi lile mnalijua, na kaka wa kaunta hata pole hana.

Natoa nyota nne. Ukienda fungua orodha ya vitabu hapohapo dukani kabla hujalipa.