Mbao na viungo vya kisanduku cha kumbukumbu: kipi kinafaa, kipi kinasumbua

Kisanduku cha kutunzia barua, picha na pete hufunguliwa mara chache lakini hukaa miaka mingi. Kwa hiyo mbao ichaguliwe kwanza kwa kutulia kwake, uzuri wa rangi ufuate. Kwa kipimo hicho mninga ndio chaguo letu la kwanza: husinyaa kidogo sana, haupindi ovyo, hukubali randa na hauhitaji rangi ya kopo. Kasoro yake ni vumbi linalowasha pua na koo. Vaa barakoa tangu msasa wa kwanza.

Mvule ni imara, ila mara nyingine huficha vijiwe vya chokaa vinavyoharibu makali ya randa. Mtiki una mafuta ya asili, hivyo futa sehemu ya gundi kwa asitoni na ubandike papo hapo, la sivyo kiungo kitaachia. Mpingo huzama majini kwa uzito; unatosha kuwa kishikio cha mfuniko. Mbao zenye harufu, kama mwangati, ziachwe bila vanishi wala mafuta kwa ndani, maana mvuke wa mbao hizo hulainisha vanishi na picha zikanata.

Kwa kisanduku cha sentimita 30 kwa 20, unene wa milimita 10 hadi 12 unatosha. Mbao iwe kavu kweli. Usipokuwa na kipima unyevu, pima kipande kwenye mizani ya jikoni kila baada ya siku mbili. Uzito ukiacha kupungua, anza kazi.

Sasa kona. Kona ya digrii 45, yaani kila ubao umekatwa ncha kwa mshazari wa digrii 45, ndiyo nzuri kuliko zote kwa macho, kwa sababu michirizi ya mbao huzunguka sanduku bila kukatika. Pia ndiyo inayoadhibu zaidi. Kona nne ni mikato minane. Kila mkato ukikosea nusu digrii upande uleule, kona ya mwisho itaachama digrii 4. Tena ncha za nyuzi za mbao zilizokatwa hunywa gundi: paka safu nyembamba, subiri dakika chache, kisha paka ya pili na ubane. Hata hivyo kona hiyo pekee ni dhaifu. Gundi ikikauka, kata mifereji kwenye kona na upachike vibao vya milimita 3, nyuzi zake zikivuka kiungo.

Mkia wa njiwa, yaani kiungo cha meno yaliyopanuka mwishoni yanayoingiana, hushika hata gundi ikichoka, na kwa anayefanya kazi kwa mkono ndio tunaoupendekeza. Mwinamo wa pande za mikia uwe 1 kwa 8 kwa mbao ngumu, 1 kwa 6 kwa mbao laini. Kata mikia kwanza, kisha ichore kwenye ubao wa pili kwa ncha ya kisu, na msumeno upite upande wa taka (sehemu itakayoondolewa), si juu ya mstari. Kosa la kawaida lipo kwenye patasi: ukiiweka juu ya mstari na kupiga nyundo, umbo lake la kabari huisukuma nyuma, na mstari umeshapotea. Anzia milimita 1 ndani ya taka, punguza, ndipo umalizie mstarini kwa kusukuma kwa mkono.

Ukijenga sanduku zima na kulipasua ili upate mfuniko, mkia utakaopitiwa na msumeno uongezewe milimita 4, kwani mkato na msasa huula.

Kibao cha juu kisigundishwe. Kikae ndani ya mfereji kikiwa na nafasi ya milimita 1.5 kila upande. Kikibanwa, masika kitasukuma kona mpaka zifunguke.

Skrubu za shaba za bawaba hukatika kichwa kwenye mbao ngumu. Toboa kwanza, pitisha skrubu ya chuma ya saizi ileile, itoe, kisha ingiza ya shaba iliyopakwa nta.