TAHADHARI: Kuna jamaa anauza "nafasi" za Inua Jamii kwa wazazi wa vijana wenye ulemavu, Likoni na Mtongwe

Wazazi wenzangu, hasa nyinyi mlio na vijana wakubwa wa kubebwa, someni hii mpaka mwisho na mumwambie na yule jirani asiye na simu ya intaneti. Kuna jamaa anazunguka huku kwetu Likoni na Mtongwe, Mombasa, anavaa beji shingoni na faili la kijani kwapani, anasema anaandikisha watoto wenye ulemavu wapate pesa za serikali za Inua Jamii. Ni mwizi. Amekula 3,500 zangu, na huyo huyo amemfanyia jirani yangu makubwa kuliko hayo, ntaeleza.

Mwanangu ana miaka 17, ana mtindio wa ubongo na kifafa. Hakai mwenyewe, haongei, lakini anaelewa kila kitu. Zamani nilikuwa namfunga mgongoni na leso tunaenda kliniki, saa hii amenipita urefu, kumtoa kitandani kumleta barazani lazima nimwite kijana wa dukani anishikie miguu. Dawa za kifafa kila mwezi, pampasi za watu wazima ambazo pakiti ya kumi haimalizi wiki, tuktuk ya kukodi peke yetu manake matatu zikiona kiti zinaondoka. Mtu akikwambia kuna 2,000 kila mwezi, masikio yako yote yanamgeukia yeye.

Na hiyo 2,000 ipo kweli, ndio maana tunanaswa. Inua Jamii inalipa wazee, inalipa walezi wa mayatima, na inalipa watu wenye ulemavu mkubwa wanaohitaji mtu wa kuwaangalia mchana na usiku, mlezi ndiye anayepokea kwa niaba yao. Mwanangu ana kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lakini kwa Inua Jamii bado tunangoja.

Alipokuja kwangu alibisha hodi akaniita mama fulani kwa jina la mwanangu. Alijua ugonjwa wake, alijua mwaka aliozaliwa. Nikaona huyu kweli katoka ofisini. Baadaye ndio nimekumbuka kwamba kwenye chama chetu cha kina mama kuna watu walikuja wakasema wanaleta msaada wa chakula, wakapiga picha vitambulisho vyetu na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na hicho chakula mpaka leo hatujakiona. Nashuku habari zetu zilitokea huko.

Akaniambia mwanangu akifikisha 18 kabla hajaingia kwenye mfumo basi hataingia tena, na amebakisha miezi minne. Jamani mimi niliishiwa nguvu. Halafu akatoa futi ya fundi cherehani mfukoni, akapiga magoti kwenye mkeka, akampima mwanangu, kiuno, paja, goti mpaka kisigino, kila kipimo anaandika, akasema na kiti kipya cha magurudumu kitakuja pamoja na pesa. Mwanangu akacheka kile kicheko chake cha mwili mzima. Hivyo ndivyo alivyopimwa na daktari wa mazoezi alipokuwa na miaka 9, kiti kile ndicho anachokalia mpaka leo, magoti yanamfika kifuani. Kwa hivyo alijua nini kinaendelea, na mimi nikiona vile furaha ilivyomjaa nikaacha kuuliza maswali.

Pesa aliichukua kidogo kidogo ili isiumize. 500 ya fomu siku hiyo hiyo. Baada ya siku tatu 1,500 ya muhuri wa daktari. Wiki iliyofuata 1,500 ya kufungua akaunti. Kwenye M-Pesa kabla sijaweka pin jina lililotokea lilikuwa la mwanamke, nikamwuliza, akasema huyo ni mhasibu wetu, nikatuma. Risiti aliyonipa muhuri wake ulikuwa bado mbichi, wino umenipaka kidole gumba. Mara ya nne akataka nimpe laini yangu na pin "aiunganishe na mfumo". Hapo ndipo nilipokataa, na tangu siku hiyo simu yangu hapokei.

Sasa jirani yangu. Yeye yuko ndani ya programu tayari kwa ajili ya binti yake wa miaka 15, alikuwa anapokea. Jamaa akamwambia lazima "asajiliwe upya" ama pesa zikatike, naye jirani akampa kadi ya benki na namba ya siri. Zilikuwa zimekaa malimbikizo ya miezi minne, 8,000, jamaa amezitoa zote. Huyo dada alikuwa ashahesabu za deni la dawa na za godoro manake binti ameanza vidonda vya mgongo.

Nimeenda mwenyewe kwa chifu na ofisi ya maendeleo ya jamii, hizi ndizo habari nilizopewa. Kuandikishwa Inua Jamii hakulipiwi hata shilingi, jina linapitia kwa chifu na afisa wa jamii pale serikali inapofungua nafasi, na nafasi zikiwa hazijafunguliwa hakuna mtu wa kukuuzia. Programu hii ya ulemavu mkubwa inachukua watoto na watu wazima, kwa hivyo hiyo habari ya 18 ni uongo, akifika 18 kinachotakiwa ni kumshughulikia kitambulisho. Kadi ya Baraza pia ni bure, unaanza na uchunguzi hospitali ya serikali. Ukisaidiwa saiba kujaza kwenye eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, utamlipa yule wa saiba kazi yake tu. Vifaa kama viti vinaombwa Baraza, havizungushwi na mtu wa futi nyumba hadi nyumba.

Ukishatuma pesa na ukashtuka mapema, ule ujumbe wa M-Pesa upeleke kwa namba 456 hapo hapo, ikiwa hajaitoa inaweza kurudi. Mimi nilichelewa. Namba ya tapeli iripoti kwa ujumbe kwenda 333. Piga *106# uone kama kuna laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua, nimeangalia yangu na nimeikuta moja siijui. Na ukiwa umempa mtu kadi na namba ya siri, kimbia benki leo, usingoje Jumatatu.

Wengine mnaona aibu kusema, najua, hata mimi nimekaa wiki mbili nimenyamaza. Mpaka sasa tuko kina mama watano wenye risiti za muhuri ule ule. Jumanne asubuhi saa tatu tunakutana nje ya ofisi ya chifu twende kituo cha polisi tuandikishe OB, yaani ripoti kwenye kitabu chao cha matukio, pamoja. Njoo na risiti, ujumbe wa M-Pesa usiufute, na kama huna wa kukuachia mtoto njoo naye, tutasaidiana kubeba.