Mtihani wa pamoja au upimaji wa mwalimu darasani?

Mtihani wa pamoja humpa kila mwanafunzi maswali yaleyale, muda uleule na mwongozo uleule wa kusahihisha. Hapo ndipo nguvu yake ilipo: alama 70 za shule moja zinalinganishika na 70 za shule nyingine. Upimaji wa darasani hauna uhakika huo, kwa kuwa mwalimu mmoja ni mkarimu wa alama na mwenzake ni mkali.

Lakini tazama kinachopimwa. Katika maswali 40 ya kuchagua, kila moja likiwa na majibu 4, anayebahatisha yote hupata wastani wa alama 10. Kwa hiyo alama 12 hazithibitishi kwamba anajua chochote. Maswali hayo husahihishwa haraka, ila hayaonyeshi mtoto alipotea hatua ipi. Mwalimu anayepitia daftari huona: huyu amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, 1/2 + 1/3 ikawa 2/5. Kosa hilo hurekebishwa kesho yake. Matokeo ya mtihani wa mwisho huja masomo yameshakwisha, na hilo, kwa maoni yetu, ndilo pengo lake baya zaidi. Kuzungumza na kazi za maabara navyo husahaulika visipotahiniwa.

Upendeleo wa darasani unapunguzika. Walimu wawili wasahihishe kazi 10 zilezile bila kuonyeshana alama, kisha walinganishe. Wakipishana sana, mwongozo haueleweki. Uandikwe upya kabla ya kusahihisha zilizobaki.