Trekta dogo nalipenda, yadi iliyoniuzia sitaki hata kuisikia

Nilishauriwa nisubiri hasira ziishe ndipo niandike. Nimesubiri, zimegoma kuisha, basi naandika nazo hivyo hivyo.

Nina ekari chache upande wa Hombolo. Sehemu kubwa ni zabibu, pembeni alizeti na karanga, halafu kipande cha nyasi ambacho watoto wanakiita uwanja. Mimi ni mtumishi, nilikuja Dodoma na wimbi la kuhamia makao makuu, na shamba nalihudumia Jumamosi na Jumapili. Anayeijua Dodoma anajua: mvua ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, na ikishanyesha majani hayaulizi kama uko kazini. Vibarua nao wakati huo huo wanalima kwao, huwezi kuwalaumu. Trekta la kukodi, yale makubwa yanayolima mahindi kule Kongwa, halipiti kati ya mistari ya zabibu. Likipita linaondoka na nguzo na waya. Ndiyo maana nikaamua nitafute trekta dogo la mtumba kutoka Japani, la kufyekea kwa slasha, ile mashine ya kukata majani inayofungwa nyuma ya trekta, na kukwatulia vipande vidogo vidogo.

Nguvu za injini, uzito, idadi ya gia, hayo mtayakuta popote mkitafuta. Mimi nina neno na meneja wa yadi.

Nilikwenda yadi nikiwa na mdogo wangu wa kiume. Yeye kazi yake ni bajaji, shamba halipendi hata kwa picha, alinisindikiza tu. Meneja akampa mkono yeye, akamvutia kiti yeye: "Karibu bosi, tukupe lipi?" Nikasema mnunuzi ni mimi, kaka. Akacheka kwanza. Halafu: "Mama, mwanamke na trekta wapi na wapi? Chukua mashine ya kusaga, utapumzika." Akaendelea kuongea na mdogo wangu kana kwamba mimi ni mkoba aliokuja nao.

Kila nililouliza, jibu lilikwenda kwa mdogo wangu. Niliuliza PTO, yaani shafti ya nyuma inayozungusha mashine kama slasha, ina gia ngapi, maana hilo ndilo la kwanza kwa mtu anayetaka kufyeka. Slasha za kawaida zinataka mizunguko 540 kwa dakika. Matrekta haya ya Japani mengi yana gia tatu au nne za PTO, yaliwekewa kwa ajili ya rotaveta, mashine ya kukwatulia udongo, na ile ya juu kabisa inapita mizunguko 1,000. Ukiikosea gia hiyo na slasha iko nyuma, kisu kinaweza kuchomoka kikamfuata mtu. Meneja akamgeukia mdogo wangu: "Mwambie dada yako zipo zote." Mdogo wangu, ambaye PTO hajui ni dude gani, akatikisa kichwa kwa heshima.

Nikaenda mwenyewe kwenye trekta. Yalikuwepo ya kila rangi, Kubota, Yanmar, Iseki. Nililolichagua silitaji aina, maana kosa si la kiwanda. Nikaweka kiganja kwenye injini, nikakitoa haraka. Moto. Na tulifika asubuhi, yadi ndiyo kwanza inafunguliwa. Nikauliza kwa nini imeshawashwa. "Tulikuwa tunaliosha, mama." Haya, kumbe siku hizi injini inaoshwa kwa kuiwasha. Injini ya dizeli iliyochoka inasumbua kuwaka ikiwa baridi, ikishapata moto inaficha kila kitu, na hilo meneja analijua kuliko mimi. Nikamwambia nitasubiri ipoe. Tukakaa chini ya mwarobaini mpaka mdogo wangu akaanza kulalamika njaa. Ilipopoa nikaomba ufunguo, nikapiga selfu, ikawaka papo hapo, moshi kidogo mweusi ukakatika. Kwa hiyo injini ilikuwa nzima! Sasa ya nini ule ujanja? Mpaka leo sijaelewa. Labda ni mazoea, kama mtu anayedanganya hata akiulizwa saa ngapi.

Mita ya masaa sikuiangalia sana, inaweza kubadilishwa na mtu mwenye bisibisi. Niliangalia mpira wa pedali ya klachi umelika kiasi gani, nikatikisa usukani, nikashika mikono ya haidroliki ya nyuma nione pini zinacheza vipi. Zilikuwa sawa. Tairi nazo zilikuwa zile za majaruba ya mpunga zenye meno marefu, ambazo kwenye lami zinaisha upesi, lakini mimi lami nitaifuata wapi?

Kikabaki kitu kimoja. Niliomba walegeze nati ya kumwagia oili kwenye ekseli ya mbele. Kidogo tu, matone. Maji ni mazito kuliko oili, yanakaa chini, yakiwepo yanatangulia kutoka. Meneja akakataa: "Hatufungui fungui mali hapa. Ukishanunua utafungua mwenyewe hata usiku." Ndipo nikamwambia basi andika kwenye risiti kwamba giaboksi na difu (zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) mnahusika mpaka msimu uishe. Akaandika kwa mwandiko wake, akagonga mhuri. Bei ilikuwa inavumilika na mvua zilikuwa zimekaribia, nikalipa, tukalipakia kwenye Fuso.

Fundi wangu ni wa Kibaigwa, mzee wa Kigogo asiyependa maneno mengi. Alisalimia "mbukwa", akavua kofia, akalala chini ya trekta. Kabla hata slasha haijafungwa alilegeza ile ile nati niliyokataliwa. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kikajaa kikopo, na mwishoni yakaja maji yenyewe, meusi, na unga wa kutu ukitelezea kidoleni. Mzee akaunusa, akaniambia trekta hili limekula maisha yake kwenye mpunga, gurudumu la mbele limezama tope miaka na miaka, tope limekata oili sili, ule mpira unaozuia oili isivuje, maji yameingia. Halafu limekaa kwenye kontena, likaja kukaa yadi, maji yamo ndani muda wote na beringi zinaoza taratibu. Upande wa kushoto beringi ilikuwa imekwisha, ukiizungusha kwa mkono inakwaruza.

Nikajaza ile oili kwenye chupa ya maji ya kunywa, nikaenda yadi. Safari hii peke yangu. Neno la kwanza la meneja: "Mzee yuko wapi?" Anamuulizia mdogo wangu. Nikaweka chupa mezani, nikaweka risiti pembeni yake. Akaitazama chupa, akasema, nayaandika alivyoyatamka: "Hayo ni maji ya Japani, mama. Sisi tulinunua hivyo hivyo." Nikamwonyesha mwandiko wake. Akasoma kama anasoma barua ya mtu mwingine, kisha akapata akili: "Nimeandika difu. Hii ni ekseli. Difu iko nyuma."

Jamani. Trekta linavuta magurudumu manne, mbele kuna difu yake, nyuma kuna yake. Mtu anauza matrekta kila siku, anajua hilo, na ananitazama usoni anasema difu iko nyuma kwa sababu aliyesimama mbele yake amevaa kitenge. Nilimuuliza kama angekuwa mdogo wangu angemjibu hivyo. Akasema, "Yule angeelewa." Yule! Ambaye aliuliza kama trekta lina breki ya mkono ya bajaji!

Sikutukana. Nilitamani.

Sasa, kwa haki, lazima niseme habari ya trekta lenyewe, kwa sababu nikiishia hapa mtafikiri nimepata hasara, na si kweli. Tulibadilisha sili za pande zote mbili na beringi moja, tukasafisha kwa dizeli, tukaweka oili mpya. Tangu hapo ni raha. Linapita kati ya mistari ya zabibu bila kugusa waya, linageuka mwisho wa mstari kwenye eneo ambalo trekta la kukodi lisingeweza hata kusimama. Mafuta linanusa tu. Vibandiko vyote ni vya Kijapani, binti yangu alivisoma kwa simu akaandika kwa kalamu nyeupe pembeni ya kila rungu, isipokuwa rungu la moto, la kuongeza na kupunguza kasi ya injini, ambalo halikuhitaji mkalimani: juu kimechorwa sungura, chini kobe. Watoto wakipanda wanapiga kelele "kobe, kobe!"

Kuna jambo moja linalotisha, na hakuna muuzaji atakayekuambia. Mengi ya haya madogo ya zamani yana klachi moja, na PTO inatokea kwenye giaboksi ile ile. Slasha ni chuma kizito kinachozunguka. Ukikanyaga klachi usimame, yenyewe haisimami, inarudisha nguvu kwenye gia na trekta linaendelea kwenda. Mara ya kwanza lilinipeleka mpaka kwenye nguzo ya kona, mguu wangu uko chini kabisa kwenye pedali. Mzee wa Kibaigwa akanitafutia kifaa kinachokaa kati ya PTO na shafti ya slasha, kinachovuta upande mmoja na kuachia upande mwingine. Bila hicho usifyeke. Na ardhi ikiwa kavu, kama yetu kuanzia Juni, toa gia ya magurudumu ya mbele, maana kwenye ardhi ngumu inazibana difu bure. Mbili, nakumbusha. Ya mbele na ya nyuma.

Sili zenyewe nilizipata wapi? Pale pale yadi. Wakati natoka na chupa yangu na ile sili iliyokatika, kijana wa stoo alinikimbilia getini: "Shikamoo mama, naomba nione hiyo sili." Akasoma namba zilizochongwa kwenye mpira, akapotea ndani, akarudi na zinazolingana, akaniuzia kwa bei ya kawaida na kunielekeza upande upi unatazama ndani. Aliniita mama na ikasikika vizuri. Nikawa nimewaka moto na nimepoa kwa wakati mmoja, jambo lililoniudhi zaidi, kwa sababu nilishapanga kuandika kwamba pale hakuna mtu.

Kwa hiyo trekta nyota nne, ya tano nimeikata kwa sababu halina fremu ya kumkinga dereva likipinduka. Yadi sifuri. Akija mtu kuniuliza kama aende, nitamwambia asiende, atafute kwingine. Lakini kwingine hakuna kijana wa stoo. Basi aende mchana, kati ya saa saba na saa nane, meneja huwa amekwenda kula.