Chakula cha samaki wa tangi: kipi ununue, na kwa nini kopo kubwa halikufai

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji wanaofuga samaki wadogo wa tangi, kama gapi, yanafanana mno. Mmoja: "Dada, gapi wangu jike ana tumbo kubwa, mwezi wa pili unakwisha na hazai." Mwingine uti wa mgongo wa samaki wake umepinda, rangi zimefifia, na muuzaji kamwambia ndivyo walivyozaliwa. Huwa nawauliza swali lile lile: chakula mlikifungua lini? Karibu wote hawakumbuki.

Kwa hiyo leo sina habari na asilimia ya protini, maana kila pakiti inajisifu nayo, wala na vyakula vinavyodai kuongeza rangi. Nataka tuangalie kitu ambacho mnunuzi hupita nacho bila kukitazama: ukubwa wa kopo na namna linavyofungwa.

Piga hesabu. Chukulia una samaki kumi, kila mmoja gramu 0.5. Jumla yao ni gramu 5. Ukiwapa chakula sawa na asilimia 3 ya uzito wao kwa siku, wanakula gramu 0.15. Pakiti ya gramu 22 itawatosha karibu miezi mitano. Kopo la gramu 250, lile ambalo muuzaji anakusukumia kwa maneno kwamba "ndiyo utaokoa pesa", litachukua zaidi ya miaka minne kwisha! Na tangu siku ulipolifungua, kila unapoinua mfuniko hewa na unyevu vinaingia. Mafuta ya samaki yaliyomo yanachacha. Vitamini C inapungua, na samaki walio wengi hawawezi kuitengeneza mwilini. Wasipoipata kwenye chakula, mifupa inadhoofika na mgongo unapinda. Sisemi kila mgongo uliopinda umetokana na chakula, kwani kuna kurithi na kuna kifua kikuu cha samaki. Lakini chakula ndicho kilicho mikononi mwako, basi anza na hicho.

Jaribu sasa hivi. Chukua chakula kidogo, kisugue kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha unuse. Kizuri kinanuka samaki mkavu, au mwani. Kilichokwisha kinanuka mafuta ya zamani, harufu kali inayopanda puani, au hakinuki kitu kabisa. Vyote viwili, tupa.

Mimi chaguo langu la kwanza ni Hikari Micro Pellets, na sioni haya kusema kwamba naipendelea Hikari. Ni chapa ya Kijapani, punje zake ni ndogo kiasi kwamba neoni, aina ya tetra mdogo, anaimeza bila kuitema, na zinashuka polepole: gapi, ambaye mdomo wake umeelekea juu, anazidaka karibu na uso wa maji, na tetra anazikuta katikati. Zaidi ya yote, inapatikana kwenye pakiti ndogo ya gramu 22. Kwa samaki aina ya beta kuna Betta Bio-Gold, ambayo ina hata pakiti ya gramu 2.5. Hiyo ni kampuni iliyofikiria kwamba mtu anaweza kuwa na samaki mmoja tu. Soma orodha ya viambato: ukiona vitamini C imeandikwa kwa jina refu linaloanza na "L-ascorbyl-2", ni aina iliyotengenezwa istahimili kukaa, haiharibiki upesi kama ile ya kawaida.

Ya pili ni Fluval Bug Bites, ya chembe ndogo. Msingi wake ni funza wa nzi anayeitwa kwa Kiingereza black soldier fly, na wadudu ndicho chakula ambacho wengi wa samaki hawa hukila porini. Samaki wachaguzi wanaikubali vizuri.

Ya tatu TetraMin ya Wajerumani, ambayo iko sokoni tangu miaka ya 1950 na imelea samaki wasiohesabika. Shida yangu nayo ni umbo. Vipande vyembamba vinavyoelea vina eneo kubwa linaloguswa na hewa, tena vikigusa maji virutubisho vinatoka haraka. Ukiipenda, nunua kopo dogo kuliko yote. Kama una koridora, samaki wa kula sakafuni mwa tangi, ongeza vidonge vya kuzama na uwape jioni, kwa sababu mdomo wao uko chini na wanaoishi juu hawawaachii kitu.

Vya bei rahisi visivyo na jina la mtengenezaji wala tarehe, pita.

Sasa yule gapi wa tumbo. Kwanza hakikisha ni jike, usiamini rangi, maana dume mchanga naye huwa amefifia. Tazama pezi la chini, nyuma ya tundu la haja. La jike limefunguka kama upepeo. La dume limekuwa kijiti chembamba kilichoelekea nyuma. Jike ana pia doa jeusi karibu na tundu hilo, linalotanuka na kukolea mimba inapokua. Mimba ya gapi ni siku 21 hadi 30 hivi, na jike huhifadhi mbegu za dume kwa miezi, hivyo anaweza kuzaa tena na tena hata akiwa peke yake. Basi miezi miwili bila kifaranga hata mmoja: ama vimeliwa kabla hujaviona, ama hiyo si mimba. Magamba yakiwa yamesimama, huo ni ugonjwa. Mtenge mara moja na upime amonia ya maji, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki. Magamba yakiwa yamelala na samaki ni mchangamfu, pengine amelishwa kupita kiasi. Mfungishe siku moja au mbili, kisha mpe dafnia, wale viroboto wa majini, wanaolainisha tumbo. Baada ya hapo mpe kinachokwisha ndani ya dakika mbili, basi.

Kinachonikera ni wauzaji wanaofungua magunia na kupima chakula kwenye vifuko vya nailoni vinavyopitisha mwanga, bila jina wala tarehe, kisha wanavitundika dirishani juani. Mnunuzi analipa, samaki wanakufa, anarudi kwa muuzaji yule yule kununua samaki wengine na dawa juu yake. Na wale wenye chapa nzuri wanaagiza makopo makubwa tu, ukiuliza dogo unaambiwa halina soko. Halina soko kwa sababu hamlileti! Endeleeni kuliulizia.

Ukikosa kabisa dogo, gawa la kubwa siku hiyo hiyo unapolifungua. Acha cha mwezi mmoja nje, kingine kitie kwenye vichupa visivyopitisha hewa, uweke kwenye friza. Ukitoa kichupa, subiri kipate joto la chumbani kabla ya kukifungua, la sivyo unyevu wa hewa utageuka matone ya maji ndani na chakula kitaota ukungu. Andika tarehe kwenye mfuniko kwa kalamu ya wino usiofutika.