Mgebuka wa Mwanga na Mpishi Asiyetabirika
Kwa takribani mwaka mzima nimekuwa mteja wa mgahawa mmoja mdogo ulioko Mwanga, hapa Kigoma, na hadi leo sijui nikiketi mezani nitaletewa nini. Siku mpishi wao akiamua kupika, mgebuka wake, samaki wa Ziwa Tanganyika anayekaangwa kwa mawese, hutoka na ngozi kavu inayokatika kwa mlio, nyama ikibaki laini hadi mfupani, na ugali wa muhogo ukiwa hauna donge hata moja. Wiki inayofuata, mikono hiyohiyo inakuletea samaki aliyelowa mafuta na mbichi karibu na uti wa mgongo, mithili ya winga anayewapiga chenga mabeki watatu kisha akapaisha mpira goli likiwa wazi. Usafi hauna tatizo. Wakati wa mbalamwezi, wavuvi wanaovutia samaki kwa taa usiku wanapopumzika na samaki wakaadimika, ningemwelewa. Lakini Jumamosi iliyopita mwalo wa Kibirizi ulijaa migebuka, nami nikaletewa kiporo kilichopashwa moto. Nilipolalamika, mhudumu alinijibu kwa upole, “Samahani mzee, leo hayuko vizuri.” Bei haikupungua. Kesho kutwa, kwa bahati mbaya, nitarudi.