Redio ya CD ya mtumba: miezi minne nikiwa nayo nyumbani

Wadau salama? Nina miezi minne sasa natumia redio ya CD ya mtumba, ile ya mezani ya kufungua kifuniko juu, niliichukua Kariakoo kwa 60,000. Nimeona niandike maana kuna watu wananiuliza kama bado zinafaa.

Sababu ya kununua ni mama. Ana mfuko wa CD za taarabu kama 40 hivi, kazitunza tangu sisi wadogo, na deki yake ilikufa siku nyingi. Mdogo wangu akampakulia nyimbo kwenye flashi, mama akasikiliza mbili tatu akasema hizi sio zenyewe, wamekata mwanzo. Na kweli, taarabu wimbo mmoja dakika 12 mpaka 15, ule mwanzo wa vyombo ndo unamkalisha mtu vizuri, ukiuondoa unabaki na nini? CD inabeba dakika 74 hivi, kwahiyo ni nyimbo tano sita tu, lakini zimekaa nzima na kwa mpangilio waliotaka wenyewe.

Sauti aisee ni nzuri. Kwenye CD sauti inapimwa mara 44,100 kwa kila sekunde na haibanwi kama MP3, ndo maana fidla unaisikia mpaka ule mkwaruzo wa upinde kwenye nyuzi. Nikiiunga kwenye sabufa mama anakaa barazani anasikia kila neno.

Sasa usumbufu. Wiki ya tatu ikaanza kuzingua, unaweka CD inazunguka weee halafu inaandika NO DISC. Fundi akafungua akasafisha lenzi kwa pamba na spiriti, ikapiga siku mbili ikarudia, ikabidi kubadilisha lenzi nzima, 25,000 na ufundi. Alinionyesha ile ya zamani, kajicho kadogo kama punje ya dengu, limeingia ukungu. Vumbi na hewa yetu ya chumvi vinaimaliza haraka, kwahiyo sasa hivi tunaifunika na kitambaa na kifuniko hakiachwi wazi hata dakika.

Kabla hujatoa hela nenda dukani na CD zako mwenyewe, usikubali kujaribiwa na ile moja ya muuzaji. Beba orijino moja, ya kuchoma moja, na moja yenye mikwaruzo, maana za kuchoma zinarudisha mwanga kidogo kuliko orijino, lenzi iliyochoka inaanza kuzikataa hizo kwanza. Halafu ruka mpaka wimbo wa mwisho, CD inasomwa kutoka katikati kwenda nje na mashine nyingi mbovu zinapiga vizuri mwanzo kisha zinaanza kuruka huko mwishoni. Mimi nilisikiliza wimbo wa kwanza tu nikalipa, imenigharimu. Na kama CD yako ina nyimbo 100 za MP3 uliza kwanza, redio nyingi za zamani hazizisomi kabisa.

Kusafisha CD, futa kutoka katikati kwenda pembeni moja kwa moja, usizungushe, mkwaruzo unaofuata mzunguko ndo unaiangamiza kwasababu unafunika data nyingi mfululizo. Na watu wanaogopa kukwaruza chini tu kumbe juu kwenye maandishi ndo hatari zaidi, pale ile tabaka inayong'aa imefunikwa na rangi nyembamba sana, ikichubuka hakuna fundi wa kuirudisha. Mama alikuwa anaandika majina kwa kalamu ya wino ya kawaida, mbili zimeharibika hivyohivyo, imeniuma.

Zile ndogo za kutembea nazo sizishauri kwa safari, zisizo na akiba ya sauti ndani (kumbukumbu inayosoma wimbo mbele kidogo) gari likipita kwenye tuta tu inaruka, na zenye nayo zinakula betri.

Sony walitoa mashine ya kwanza ya CD Japani 1982, CD za miaka hiyo zilizotunzwa bado zinaimba, tatizo ni hizi mashine za kuzichezea ndo zinaisha. Ndo maana natafuta lenzi ya pili niiweke akiba, yangu fundi ameweka lenzi ya namba KSS-213. Ukiiona mpya popote Dar niambie bei, nakuja siku hiyohiyo.